Kijiti juu ya droni: kabla hujaifundisha, ipime

Ndugu uliyeanzisha uzi, umesema una droni ya gramu 27, kompyuta ya kawaida na kamera moja, na unataka ifanye kama zile za Zurich: isimamishe kijiti mgongoni bila kukiangusha. Umesema chako kinakaa sekunde mbili kinalala. Ukauliza kama uachane na hesabu, uingie moja kwa moja kwenye kujifunza kwa tuzo, yaani droni ijaribu, ikosee, ipewe alama, hadi ijue yenyewe. Watu watatu wamekujibu ndiyo. Mimi nasema bado, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu hapo ulipokwama nilikwama miezi minane. Propela nilizovunja ninazo kwenye kopo la Blue Band la kilo moja, na kopo limejaa.

Kwanza ile video ya droni za Zurich. Wengi huitazama kama sarakasi, wakadhani chombo kile kina akili ya ajabu. Kazi yenyewe ilifanywa ETH, chuo kikuu cha hukohuko Zurich, na Markus Hehn pamoja na Raffaello D'Andrea, wakaitoa 2011. Droni zao huruka ndani ya ukumbi wa mita 10 kwa 10 kwa 10, pembeni nyavu, chini magodoro, na kuzunguka juu kuna kamera za kufuatilia mwendo zinazosoma mahali ilipo droni mara 200 kwa sekunde. Kijiti chao ni bomba jembamba la kaboni lenye urefu unaozidi mita moja. Na hapa ndipo watu wanaporuka ukurasa: namna ya kukisimamisha haikujifunzwa na mashine. Ilikokotolewa kwa fizikia ya kawaida, kalamu na karatasi. Kujifunza walikutumia kwenye mabaki, yale makosa ambayo hesabu haikuyaona, kwa mfano kuipindua droni hewani mara kadhaa mfululizo, na baadaye, 2013, kurushiana kijiti kutoka droni moja hadi nyingine.

Sasa njoo nyumbani kwangu Umoja, hapa Nairobi, jioni moja stima imepotea. Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, hana televisheni, hana pa kwenda. Nikampa mpini wa ufagio ausimamishe kiganjani. Akauweza kwa jaribio la tatu, akawa anazunguka nao sebuleni. Nikampa mwiko. Ukaanguka. Ukaanguka tena. Halafu akaugeuza mwenyewe, bapa likawa juu na mshikio kiganjani, akaweza sekunde nne au tano.

"Mjomba, huu ukiwa na kichwa kizito juu unaanguka polepole."

Nilitaka kumkumbatia. Miezi yote ile nilikuwa nahangaika na programu, na jibu lilikuwa kwenye mwiko wa ugali. Kitu kilichosimama wima hakianguki kwa mwendo mmoja. Kosa lake linajizidisha. Likiwa dogo linakua polepole, likikua linakua haraka zaidi, kama deni la riba. Na kasi ya riba hiyo inategemea uzito umekaa juu kiasi gani. Kwa kijiti kilichonyooka chenye uzito sawa mwanzo hadi mwisho, chukua theluthi mbili za urefu wake kwa mita, gawa kwa 9.81, tafuta kipeuo cha pili. Hizo ndizo sekunde ambazo kosa linahitaji kujizidisha mara 2.7. Kijiti cha sentimita 30 kinakupa sekunde 0.14. Cha sentimita 60, sekunde 0.2. Mpini wa ufagio wa mita 1.2 unakupa karibu 0.29. Angalia hapo: umerefusha mara nne, umepata muda mara mbili tu. Lakini huo muda mara mbili ndio tofauti ya mpwa wangu na mpini na mpwa wangu na mwiko.

Wewe umesema unatumia penseli. Sentimita 18. Una sekunde 0.11. Hata Zurich wangekushangaa.

Mimi natumia vijiti vya mishikaki, vile virefu vya sentimita 30 vinavyouzwa kwa pakiti supamaketi. Kimoja kina gramu moja na nusu hivi. Viwili nimeviunga kwa gundi na uzi, nikapata sentimita 60 na gramu tatu, uzito ambao droni ya gramu 27 inaubeba bila kulalamika. Chini kinakaa ndani ya kizibo cha soda nilichokibandika juu ya betri, katikati kabisa; kikikaa pembeni kijiti kinaisukuma droni kila kinapoinama, na utakuwa unapigana na vita viwili. Juu nimezungushia kipande cha utepe unaong'aa nilioukata kwenye rifleketa ya boda boda iliyochakaa. Jirani alikuwa anaitupa. Ule utepe unarudisha mwanga kulekule ulikotoka, na kwa kamera hakuna alama nzuri kuliko hiyo.

Baada ya urefu wa kijiti, uliza swali la pili, na hili ndilo lililonila miezi: kutoka kijiti kinapoanza kuinama hadi mota zinapopata habari, unapita muda gani?

Usikisie. Nilikisia milisekunde 40 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde) nikajidanganya miezi yote ile. Pima hivi. Chukua taa ndogo ya LED yenye swichi ya kubonyeza, iweke mbele ya kamera yako. Andika programu yako ili kamera ikiona taa hiyo imewaka, kompyuta itume amri kwa redio, na droni iwashe taa yake. Weka taa mbili kando kwa kando. Kisha chukua simu inayopiga video ya mwendo wa polepole, picha, yaani fremu, 240 kwa sekunde, rekodi, bonyeza. Baadaye fungua video uhesabu fremu kutoka taa ya kwanza hadi ya pili. Mimi na mpwa wangu tulihesabu kwa sauti, kidole kwenye skrini ya simu, kama watu wanaohesabu pesa za chama. Ishirini na nane. Gawanya kwa 240: milisekunde 117.

Rudi kwenye riba yetu. Nilikuwa nimeanza na kijiti kimoja cha sentimita 30, kosa linajizidisha mara 2.7 kila sekunde 0.14. Katika milisekunde 117 kosa limeshazidi mara mbili kabla mota hazijasikia chochote. Ni kama kuendesha matatu ukitazama barabara kwenye video iliyochelewa. Kila ninaporekebisha, narekebisha kijiti kilichokuwapo, si kilichopo. Hakuna algorithimu, ya hesabu wala ya kujifunza, ambayo ingeniokoa kwa raha pale. Ningeipa ile droni alama za tuzo mwaka mzima, ningepata droni iliyojifunza kukata tamaa mapema.

Basi nikaanza kuwinda milisekunde. Kamera yangu ilikuwa ya fremu 30 kwa sekunde, yaani picha moja kila milisekunde 33, na hizo ni kabla haijasafiri popote. Nikapata kamera mbili kuukuu za PlayStation 3, za mtumba, kwa kijana mmoja barabara ya Luthuli ambaye hakujua ni za nini. Zile kwa picha ndogo zinafika fremu 120 kwa sekunde. Nikagundua pia kwamba programu yangu ilikuwa inachora dirisha la video kwenye skrini kila fremu, na kazi nyingine yote inasubiri kuchora kuishe. Nilikuwa nimeliweka ili nijionee. Nikaliondoa. Tukahesabu tena: fremu kumi na moja, milisekunde 46. Siku hiyohiyo, bila kubadilisha mstari mmoja wa hesabu ya kusawazisha, kijiti kikakaa sekunde kumi na tisa.

Naona kuna aliyesema hapo juu kwamba ununue kompyuta yenye nguvu zaidi. Hapana. Yangu ni ya mtumba na bawaba moja imevunjika.

Kuna kisa cha taa ambacho lazima nikitoe kwa sababu kitakupata. Kwenye ukumbi tunaokodi wikendi kuna taa ndefu za mirija. Mchana kila kitu sawa. Jioni tukiwasha taa, droni inaanza kutetemeka, tetemeko la haraka la mpangilio, kama mtu mwenye homa. Nilibadilisha mota. Nilibadilisha propela. Nilibadilisha hata upande wa ukumbi. Kumbe umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya mrija ya aina ya zamani inafifia mara mbili kila mzunguko, mara 100 kwa sekunde. Kamera inapiga mara 120. Tofauti ni 20. Kwa hiyo kwenye picha mwanga unapanda na kushuka mara 20 kwa sekunde, na alama yangu ya utepe inaonekana kusogea pamoja nao. Maelekezo niliyoyafuata yaliandikwa na Mmarekani. Kwao umeme ni wa mizunguko 60, taa inafifia mara 120, sawasawa na kamera, na hawaoni kitu. Dawa ilikuwa kuzipa kamera mwanga wake: LED za infraredi, mwanga ambao jicho halioni, zinazoendeshwa na betri kuzunguka lenzi, kung'oa kile kioo ndani ya kamera kinachozuia infraredi, na mahali pake kuweka kipande cheusi cha negativu ya zamani ya picha, kinachopitisha infraredi na kuzuia mwanga wa kawaida. Negativu nilipewa bure na mpiga picha wa studio moja mtaa wa River Road, akinitazama kama mganga anayekusanya vifaa.

Sasa hewa. Hii ndiyo sehemu ambayo hutaipata kwenye maelekezo ya watu wa nje, na wewe uko Rongai, kando ya Nairobi, inakuhusu.

Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na siku ya joto hupungua zaidi. Propela husukuma hewa. Hewa ikiwa nyepesi, kwa mzunguko uleule msukumo hupungua kwa kiwango hichohicho. Ili droni ielee tu palepale, mota lazima zizunguke haraka zaidi kwa asilimia 8 au 9. Droni ambayo Mombasa ina uwezo wa kuinua mara mbili ya uzito wake, hapa kwa mzunguko uleule imebaki na 1.7. Weka kijiti, weka kizibo, weka taa, akiba imeisha. Na kusawazisha ni kazi ya akiba: kijiti kikiinama droni lazima ilale upande na kuruka kukifuata, na ikilala, sehemu ya msukumo haiibebi tena, lazima ziongezwe nguvu. Zisipokuwapo, inazama.

Simuleta, yaani programu za kuigiza kuruka ndani ya kompyuta, nyingi hukuletea hewa ya usawa wa bahari, kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Haziulizi uko wapi. Mimi sikujua hadi desemba moja nilipoibeba droni kwenda harusini Mombasa, ndani ya sufuria yenye sponji, kwa basi la usiku. Shemeji alitaka kuona. Nikaiweka sebuleni, ikiwa na namba zangu za Nairobi ambazo nilizijua kama sala: amri ya mota ili ielee tu palepale, asilimia 68. Nikabonyeza. Ikaruka moja kwa moja hadi darini, ikagonga feni ambayo kwa rehema ilikuwa imezimwa, ikarudi chini vipande vipande. Shemeji akasema ndiyo wanavyofanya huko bara? Niliporudisha propela nyingine nikapata kwamba kule inaelea kwa asilimia 63. Ndipo nikajua kwamba miezi yote nilikuwa naifundisha kwenye simuleta iliyoko ufukweni, kisha naileta kuruka mlimani.

Kwa hiyo pima yako. Ni rahisi: mizani ya jikoni ya gramu, droni imefungwa kichwa chini juu ya kitu kizito ili hewa iende juu, unaongeza amri hatua kwa hatua unaandika mizani inasema nini. Fanya hivyo betri ikiwa imejaa, kisha ikiwa nusu, kisha ikiwa karibu kuisha, kwa sababu hizi mota ndogo hazina mdhibiti wa mzunguko na betri ikishuka kutoka volti 4.2 kuelekea 3.5 msukumo unashuka nayo. Utapata majedwali matatu tofauti ya droni moja. Hapo ndipo utaona kwa nini kijiti kinaweza kusimama dakika ya kwanza na si ya nne.

Nikishasema hayo, sikatai kujifunza. Mbinu hiyo nimeitumia sana, na nikuambie palipofaa na paliponichekesha.

Palipochekesha ni jaribio langu la kwanza la tuzo. Nilitoa alama kwa kitu kimoja tu: kijiti kibaki wima. Kila sehemu ya sekunde kikiwa wima, alama. Nikaacha kompyuta usiku kucha, asubuhi alama ziko juu sana, nikafurahi nikamwita mpwa. Tukafungua kutazama. Droni kwenye simuleta ilikuwa inapanda juu kadiri inavyoruhusiwa, halafu inajiachia na kushuka kama lifti iliyokatika kamba. Kijiti wima kabisa hadi sakafuni. Na ilikuwa sahihi! Ukianguka pamoja na kijiti, kijiti hakisikii uzito, na kisichosikia uzito hakina sababu ya kulala. Riba imesimama. Iligundua mwanya wa fizikia ambao mimi sikuwa nimeuwaza, ikapita humo. Ikabidi niongeze masharti: ukishuka unakatwa alama, ukipoteza mahali unakatwa, ukitetemesha mota unakatwa.

Jaribio la pili lilifanya kazi kwenye simuleta na kushindwa ukumbini, kwa sababu ya hewa, ucheleweshaji na betri ambavyo simuleta haikuvijua. La tatu niliweka vipimo vyangu mwenyewe, halafu kila jaribio nikawa navichezesha kidogo: leo kuchelewa ni milisekunde 40, kesho 55; leo betri mpya, kesho imechoka; leo kijiti gramu tatu, kesho nne. Kilichojifunza hivyo kilitoka kwenye kompyuta kikaruka ukumbini siku ya kwanza. Bila vile vipimo nisingejua nichezeshe nini na kwa kiasi gani.

Na si mimi fundi wa Umoja tu. Ile droni ya Chuo Kikuu cha Zurich iliyoitwa Swift, iliyowashinda mabingwa watatu wa mbio za droni, habari zake zikatoka kwenye jarida la Nature Agosti 2023, ilijifunzia kwenye simuleta, chini ya saa moja. Lakini walichukua pia data ya droni halisi ikiruka, wakapima simuleta inakosea wapi, makosa hayo wakayarudisha ndani ya simuleta, ndipo ikajifunza ikiyajua. Watu wanasimulia saa moja ya kujifunza, hawasimulii kupima.

Palipofaa zaidi kwangu ni duara. Kusimamisha kijiti palepale nilifika kwa hesabu tupu. Lakini kuzunguka nacho ni jambo jingine. Ukibeba mpini kiganjani ukitaka kwenda mbele, jichunguze: mkono kwanza unarudi nyuma kidogo, mpini uiname mbele, ndipo unaufuata. Ukienda mbele moja kwa moja mpini unaachwa nyuma. Droni ni vivyo hivyo, na kwenye duara kijiti lazima kiiname ndani muda wote. Kwa duara la nusu kipenyo sentimita 40, mzunguko mmoja kwa sekunde tatu, kijiti changu cha sentimita 60 kinainama nyuzi 8 au 9 kuelekea katikati. Hesabu ilinipa hiyo. Ukumbini kilikuwa kinayumba kila kikifika upande wa mlango, pengine upepo wa chini ya mlango, pengine propela moja imepinda, sijali. Nikaiambia programu: kila mzunguko andika kosa katika kila sehemu ya duara, na mzunguko unaofuata ongeza nusu ya sahihisho kabla hujafika hapo. Basi. Hakuna mtandao wa neva, hakuna usiku kucha. Mzunguko wa kwanza kilikuwa kinatupatupa kichwa kama mlevi anayevuka Jogoo Road. Mzunguko wa sita kimetulia. Wa kumi na mbili mpwa akaacha kukinga mikono.

Kwa hiyo ukiniuliza ujifunzaji gani uanze nao, anza na huo wa kurudia njia ileile na kusahihisha. Una majaribio machache kabla betri haijaisha, dakika sita au saba bila mzigo, na huo haupotezi hata moja.

Kuhusu vibali, kwa sababu kuna mtu amesema eti droni ndogo haihesabiki. Usimsikilize. Kanuni za 2020 zinataka droni isajiliwe KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na kibali kipatikane kabla ya kuiingiza nchini. Mimi nilitanguliza kuagiza, mzigo wangu ukalala ghala la wakala mmoja wiki saba, na kila wiki niliyokwenda niliambiwa neno tofauti na kutozwa ada tofauti. Pia kumbuka viwanja vya ndege: tuna Wilson, tuna JKIA, tuna Eastleigh. Mji huu mzima uko karibu na ndege za wengine. Ruka ndani.

Na vaa miwani. Kijiti cha mishikaki kina ncha. Sina zaidi ya kusema kuhusu hilo ila kwamba kope langu la kushoto lina alama.

Kwa sasa rekodi yetu ni betri nzima, dakika nne na kitu na kijiti juu, kikaanguka kwa sababu droni ilitua yenyewe. Mpwa, ambaye sasa ana miaka kumi na sita na ananizidi kuandika programu, anataka tujaribu kurushiana. Alisoma kwamba wale wa Zurich kijiti chao kilikuwa kinadunda kikidakwa, wakafunga kwenye ncha zake baluni ndogo zilizojaa unga ili kimeze mshindo. Jumamosi iliyopita alikuja na baluni mbili na unga wa ngano wa Dola wa mama yake. Nikamwambia unga wa ngano ni laini mno, jaribu wa mahindi. Akasema wao walitumia unga tu, hawakusema wa nini. Tukajaza, tukafunga, tukapima: gramu saba kwa baluni moja. Nzito sana kwa droni yetu. Akapunguza hadi gramu mbili, akailenga kwenye kizibo kujaribu mshindo, akaiachia kutoka darini. Baluni ikapasuka, unga ukaingia kwenye mota zote nne, na dada yangu akapiga simu kuuliza unga wake uko wapi.

Tuma hapa namba zako tatu: urefu wa kijiti, fremu ulizohesabu, na mizani inasema nini betri ikiwa nusu. Nitaziangalia Jumapili jioni, nikishasafisha mota.